Vidonge Kwenye Pindo la Khanga: Mwongozo Kamili kwa Mwanamke Aliyenaswa na Dawa za Hospitali

Nilikuwa nafua nguo za dada yangu, siku ya pili tangu turudi msibani Muheza. Pindo la khanga yake lilikuwa limefungwa fundo gumu, nikadhani ni hela ya nauli iliyosahaulika. Nikalifungua kwa meno. Ndani vilikuwamo vidonge tisa vya tramadoli, vile vya ganda la kijani na njano, vimeviringishwa kwenye karatasi iliyochanwa daftari la hesabu la mwanawe. Dada alijifungua kwa upasuaji miaka miwili kabla ya siku hiyo. Mtoto alishaanza kukimbia na kuvunja vikombe, na dawa ya mshono ilikuwa bado inaliwa.

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa namwona karibu kila wiki na sikushtuka. Vichwani mwetu mraibu ni teja: kijana wa kijiweni anayesinzia kasimama, anayeiba vyuma na sufuria. Dada yangu aliamka saa kumi na moja alfajiri kuchoma vitumbua vya kuuza, akawavalisha watoto sare, na kwenye kikoba chao yeye ndiye mweka hazina, maana hakuna aliyewahi kumkuta na shilingi pungufu. Dawa yake ilitoka dirisha la famasi, kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x3 kwa kalamu ya bluu. Nani angemwita teja?

Mwongozo huu ni wa aliye kama yeye, na wa yule anayemfulia nguo. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka utachoka: usiache ghafla, na usiache peke yako.

Hatua ya 1: Jua unameza nini

Dawa zinazonasa wanawake wengi huku kwetu ni za makundi mawili. Kuna za maumivu zilizo jamii moja na afyuni (opium): tramadoli, kodeini (imo kwenye baadhi ya dawa za maji za kikohozi na vidonge vya maumivu vilivyochanganywa), pethidini na mofini. Kuna za usingizi na wasiwasi: diazepamu, ambayo wengi bado tunaiita Valium, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu, na binamu yao zolpidemu. Kisheria karibu zote zinahitaji cheti cha daktari. Mtaani unajua mwenyewe hali ilivyo.

Tenganisha makundi haya kwa sababu hatari zake ni tofauti. Kuacha ghafla za maumivu kunatesa. Kuacha ghafla za usingizi, baada ya kuzitumia kila siku kwa wiki au miezi, kunaweza kuleta degedege la mtu mzima na kuua. Tramadoli inakaa katikati: ni ya maumivu, lakini ukivuka miligramu 400 kwa siku nayo yenyewe inaweza kukuangusha kwa degedege, na hatari inaongezeka ukiwa unatumia dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini. Ukichanganya makundi yote mawili, au ukaongeza pombe juu yake, kinachosimama ni pumzi. Mtu analala, anakoroma koromo zito lisilo la kawaida, asubuhi hayupo.

Wanawake tuna mambo yetu ya ziada. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kipimo cha kuanzia cha zolpidemu kwa wanawake kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba miili yetu inaitoa dawa hiyo polepole kuliko ya wanaume. Dawa hiyo ilikuwa imeshauzwa miaka mingi kwa kipimo kimoja kwa wote. Kipandauso kinatushika takriban mara tatu zaidi ya wanaume. Ongeza hedhi yenye maumivu, uvimbe wa kizazi, upasuaji wa uzazi, na kulala kwa muda wa saa nne tu usiku kwa sababu mtoto ana homa na mama mkwe ana kisukari. Na hospitali tunaenda mara nyingi zaidi, kwa hiyo kidonge kinatukuta njiani. Mwanamke akilia mbele ya dirisha la dawa, rahisi kumpa cha kulalia kuliko kumvutia kiti. Nimefanya kazi pembeni ya dirisha hilo na nimeliona likitokea.

Na si jambo la maskini wala la Afrika. Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford wa Marekani, alianza na vidonge vya maumivu ya shingo na baridi yabisi, akachanganya na pombe, mpaka mwaka 1978 familia yake ilipomkalisha chini sebuleni na kumwambia ukweli. Akatibiwa, akasema hadharani, na mwaka 1982 akafungua kituo cha tiba kule California.

Hatua ya 2: Tofautisha mwili uliozoea na uraibu

Hapa watu wengi wanajihukumu bure. Mgonjwa wa selimundu (sickle cell) au wa saratani anayetumia mofini kama alivyoandikiwa, mwili wake utazoea, na akikosa dozi atatetemeka. Huyo si mraibu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na mabinti hawa wananyimwa dawa ya maumivu kila siku na watoa huduma wanaowaona waongo. Kama ni wewe, usiache dawa kwa sababu ya mwongozo huu. Rudi kliniki yako.

Uraibu una sura nyingine. Unameza zaidi ya ulichoandikiwa, au mshono umepona na bado unameza. Umejaribu kupunguza ukashindwa. Unazunguka famasi tatu ili usijulikane. Unaficha. Unadanganya kuhusu hela. Umeacha kwenda kwenye shughuli za wenzako. Kidonge ndicho cha kwanza kukumbuka ukiamka. Madaktari wana orodha ya dalili 11, na mbili tu zikijitokeza ndani ya miezi 12 zinatosha kuitwa tatizo la kutibiwa, mradi kutetemeka na kuhitaji dozi kubwa zaidi havihesabiwi kwa mtu anayefuata cheti sawasawa. Dada yangu tulipokaa chini kuzipitia alifika saba, akasema, "Basi, inatosha, usiendelee."

Kuna na maumivu yanayoletwa na dawa yenyewe. Ukimeza dawa ya kichwa yenye kodeini siku 10 au zaidi kila mwezi, au hata Panadol ya kawaida siku 15 au zaidi, kichwa kinaanza kuuma kwa sababu ya dawa. Unameza kutibu maumivu yaliyoletwa na kidonge cha jana. Wengi waliokuja wakisema "kichwa changu ni sugu" tuliwakuta hapa.

Hatua ya 3: Andika kwa siku saba, usipunguze chochote

Chukua daftari la mstari mmoja. Kila unachomeza, andika: jina, miligramu, saa, na kilichokuwa kinaendelea. "Saa 8 mchana, tramadoli 50, mume amepiga simu anasema harudi." Andika na cha jirani ulichoazima, na bia, na piritoni ya kulalia. Usijaribu kuonekana mzuri kwenye daftari hilo, maana daktari akipanga dozi kwa hesabu ya uongo ni wewe utakayeumia.

Hesabu ya dada ilitoka hivi: tramadoli 50 mara nane kwa siku, yaani miligramu 400, na diazepamu 10 usiku. Vile tisa vya kwenye khanga vilikuwa chakula cha siku moja na kimoja cha akiba.

Diazepamu ilitoka wapi? Miezi sita nyuma alijaribu kuacha mwenyewe. Ijumaa alivitupa vyote chooni, akaswali, akalala. Jumamosi jioni akaanza kupiga miayo isiyoisha, machozi na makamasi yanamtoka, vinyweleo vimesimama na jua linawaka. Usiku miguu inarusha teke yenyewe. Tumbo likafunguka. Na kwa kuwa tramadoli ina tabia yake ya pili, inayogusa hisia kama dawa za sonona, ikaja hofu isiyo na jina na ganzi ya mikono. Mama akadhani ni malaria, akamnunulia dawa mseto. Jumatatu jirani akamhurumia, akampa vidonge viwili vya Valium ili apate usingizi. Akapata usingizi. Jumanne akanunua tramadoli tena, na vya jirani hakuviacha. Ndivyo uraibu mmoja ulivyozaa wa pili.

Hatua ya 4: Elewa arosto kabla haijaja

Kwa dawa za maumivu za muda mfupi, arosto, yale mateso ya mwili unapoikosa dawa, huanza kati ya saa 8 na 24 tangu dozi ya mwisho, hupanda siku mbili tatu za mwanzo, na kwa wengi hutulia ndani ya siku 4 hadi 10. Utajiona unakufa. Kwa mtu mzima asiye mjamzito anayekunywa maji ya kutosha, arosto hii yenyewe ni nadra kuua, ila tramadoli ya dozi kubwa usiichezee kwa sababu ya lile degedege.

Za usingizi ni mnyama mwingine. Lorazepamu na alprazolamu zinaanza kudai ndani ya siku moja au mbili. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo unaweza kujisifu siku nne nzima kwamba umeshinda, halafu siku ya tano unatetemeka, moyo unakimbia, sauti ya sufuria inakuchoma masikio, unaona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa wiki. Degedege, kuchanganyikiwa, kuona au kusikia vitu, homa kali na kutetemeka: hizo ni za kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na uwaambie wazi kwamba ulikuwa unatumia diazepamu na umeiacha. Wasipojua, watakutibu malaria.

Hatua ya 5: Nenda, na ujue la kusema

Tanzania Bara, anza na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Muhimbili wanacho, Dodoma kuna Mirembe, na Unguja ni Kidongo Chekundu. Najua majina hayo yanavyotisha. Watu watasema umepelekwa kwa vichaa. Waache waseme. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na hospitali kuu ya afya ya akili ni Mathari, Nairobi.

Beba daftari lako na makasha matupu ya dawa. Mlangoni kwa daktari ulimi utakuwa mzito, kwa hiyo jifunze sentensi moja nyumbani: "Nimekuwa nikitumia tramadoli miligramu 400 kila siku kwa miaka miwili, na diazepamu 10 kila usiku kwa miezi sita, nimeshindwa kuacha, nataka mpango wa kupunguza." Sema na kama una mimba au unahisi unayo, kama unanyonyesha, kama umewahi kuanguka kifafa, kama unakunywa pombe, na kama umewahi kufikiria kujiua. Hilo la mwisho usilifiche hata kidogo.

Daktari wa kwanza tuliyemwendea alimwambia dada, "Wewe acha tu, ni nidhamu," akampa vitamini. Ukikutana na wa namna hiyo, shukuru, toka, tafuta mwingine. Dalili ya daktari anayejua kazi ni kwamba atakuuliza unatumia kiasi gani kabla ya kukuambia lolote, atakupima mimba, na atataka kukuona tena baada ya wiki moja au mbili.

Hatua ya 6: Kupunguza, kidonge kwa kidonge

Hii ndiyo sehemu yenye kazi. Hesabu zifuatazo ni mfano wa kukusaidia kuelewa mpango wako. Mpango wenyewe aupange daktari anayekujua.

Ukiwa na makundi mawili, hupunguzwa moja kwanza huku jingine likikaa palepale. Kwa dada walianza na tramadoli. Kutoka nane kwa siku walishuka kwenda saba, wakakaa wiki mbili, sita, wiki mbili, na kuendelea. Walianza kutoa cha mchana, maana mchana ana shughuli na hakisikiki sana. Cha usiku kilikuwa cha mwisho kutoka. Vile vya ganda huwezi kuvikata, na vya kutoa dawa polepole usivifungue wala kuvisaga, utajimwagia dozi ya siku nzima kwa mara moja. Ikafika miezi minne.

Diazepamu ilifuata. Kanuni inayotumika sasa ni kushuka kama asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, na kutovuka asilimia 25 kwa wiki mbili. Kidonge cha miligramu 5 ukikikata nusu unapata 2.5, robo ni 1.25. Kwa kukata vidonge huwezi kuzifuata asilimia hizo sawasawa, kwa hiyo kutoka 10 unashuka robo kwa robo: 8.75, 7.5, 6.25, 5, 3.75, 2.5, 1.25, mpaka sifuri. Hatua nane. Zile za mwisho zinaonekana ndogo kwenye karatasi na ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu kutoa robo kwenye mbili zilizobaki ni kutoa nusu ya ulichonacho. Hapo robo inavuka ile asilimia 25, kwa hiyo kaa wiki nne, au tano, na daktari ndiye aamue. Ukizidiwa, simama hapohapo ulipo mpaka mwili utulie. Kupanda tena juu kuwe kwa shauri la daktari. Anayetumia miligramu 20 ategemee nusu mwaka na zaidi.

Tulikata kwa wembe mpya juu ya sahani ya udongo, kidonge kimelazwa na mstari juu. Mara ya kwanza robo moja iliruka, nyingine ikavunjika unga. Dada akalowesha kidole, akaokota unga ule kwenye sahani, akaulamba. Nikageuka kutazama maharage jikoni, ambayo yalikuwa hayajachemka hata. Tulinunua viberiti saba, tukavimwaga njiti, tukaandika Jumatatu mpaka Jumapili, na kila kimoja kikawa na dozi ya siku yake. Viberiti vilikaa kwangu. Alipita kuchukua asubuhi akipeleka vitumbua. Asiye na mtu jirani aiombe famasi ya hospitali impe dawa ya wiki moja moja badala ya mwezi.

Kwa dalili zenyewe, daktari anaweza kuongeza dawa ya kuharisha, ya kutuliza tumbo, na klonidini kwa jasho na kutetemeka, ambayo hushusha presha na hivyo haitakiwi kuazimwa kwa jirani. Nyumbani: maji ya chumvi na sukari ya ORS, uji mwepesi, kuoga maji ya uvuguvugu miguu inaporusha. Mchaichai na tangawizi vinafariji, hakuna ubaya. Dawa za kienyeji zisizojulikana zimo nini, achana nazo kipindi hiki.

Hatua ya 7: Kama kupunguza kumeshindikana

Kuna tiba ya methadoni na ya buprenofini. Hizi hushika nafasi ya dawa ya maumivu mwilini, zinaondoa arosto bila kukulewesha zikitolewa kwa kipimo sahihi, na zinakupa muda wa kujenga maisha. Kliniki ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa ziko mikoa mingine ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, kwa hiyo daktari ndiye ataamua kama inakufaa wewe wa tramadoli au pethidini. Methadoni haitibu uraibu wa Valium. Kuichanganya na Valium ni hatari kubwa.

Nisikufiche: ukiingia pale utakuta foleni ya wanaume. Wanawake ni wachache mno, na wengi hurudi getini. Uliza kama kuna saa au siku ya akina mama, nenda na mtu, vaa baibui ukitaka.

Nyumba za upataji nafuu nazo nyingi ni za wanaume. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fika kwa miguu yako. Wanawake wanalala wapi, na nani ana ufunguo usiku? Kuna muuguzi? Wanafanyaje na mtu wa diazepamu? Wakijibu "hapa tunakata yote siku ya kwanza," ondoka. Ni sehemu ya kwenda kufia. Mtoto anayenyonya anaruhusiwa? Wanafunga watu kwa minyororo au kuchapa? Usicheke, uliza.

Hayohayo nayasema kwa maombi na visomo. Mama yetu alimsomea dada Yasini kila Alhamisi, na dada anasema vilimshika. Lakini viberiti vilikuwa palepale. Kiongozi wa dini anayekuambia imani yako ni ndogo kwa sababu bado unameza robo kidonge hajui degedege.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha

Soma hapa mara mbili. Mjamzito anayetumia dawa za jamii ya afyuni asikatishe. Arosto inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unashauri mjamzito mwenye uraibu huu awekwe kwenye methadoni au buprenofini, ajifungue salama, kuliko kujaribu kusafishwa. Wa diazepamu hupunguziwa taratibu chini ya uangalizi. Kwa hiyo sema kliniki mapema. Kadi ya kliniki ina nafasi ya kuandika.

Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake: analia sauti ya juu, anatetemeka, ananyonya vibaya, anaharisha, kwa kawaida ndani ya siku chache za mwanzo. Inatibika. Anayetibiwa ni yule ambaye mkunga alijua. Mama aliyetulia kwenye methadoni kwa kawaida huhimizwa anyonyeshe. Kodeini na tramadoli ni habari tofauti: tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya zisitumiwe na anayenyonyesha, kwa kuwa miili ya baadhi ya akina mama hubadilisha dawa hizi haraka kuwa kali zaidi, na mtoto ananyweshwa kupitia maziwa. Watu wa namna hiyo ni wengi zaidi Ethiopia, Afrika Kaskazini na Uarabuni. Mtoto anayelala kupita kiasi, hashiki ziwa kwa sababu ya usingizi, au anapumua kwa shida, mpeleke.

Na jingine ambalo hakuna aliyetuambia. Dawa hizi huvuruga hedhi, wengine inakata kabisa, unadhani huwezi kushika mimba. Ukipunguza, hedhi inarudi, na yai hutangulia hedhi. Anza uzazi wa mpango kabla hujaiona damu.

Hatua ya 8: Tibu kilichokupeleka kwenye kidonge

Rudi kwenye daftari, soma upande wa "kilichokuwa kinaendelea". Kwa dada, mshono ulionekana siku ya kwanza tu. Kurasa zilizobaki zilikuwa ni usiku, madeni ya kikoba ambayo watu hawakurejesha na yeye akafidia kimya kimya, na mume aliyehamia kikazi mkoa mwingine na familia nyingine.

Maumivu ya kweli yatafutiwe chanzo: uvimbe wa kizazi upimwe kwa ultrasaundi, kipandauso kina dawa za kukinga zisizo na uraibu, mgongo una mazoezi. Usingizi unarudi polepole na kwa ubishi. Panda kitandani ukiwa na usingizi tu. Usipoupata baada ya kama dakika 20 nenda kaa sebuleni, chambua mchele hata. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala kwa muda wa saa tatu tu. Chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Wiki mbili za kwanza utatuchukia. Kama nyumbani kuna kipigo, ushauri wa usingizi ni kejeli: nenda dawati la jinsia polisi au kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, na mweleze mshauri wako, kwa sababu mpango wa dawa utabadilika.

Vikundi vya Narcotics Anonymous, vya waraibu wanaosaidiana kuacha, vinakutana Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Ukiona wanaume watupu na hadithi za unga tu, nenda mara tatu kabla ya kuamua. Dada alipata mwenzake mara ya nne, mwalimu wa sekondari.

Ukirudia

Wengi hurudia. Hatari kubwa iko hapa, na ndiyo inayoua. Baada ya wiki chache bila dawa mwili umeshasahau. Ile dozi ya zamani, vidonge vinane ulivyokuwa unameza na kwenda sokoni, sasa inaweza kusimamisha pumzi. Kama umeshindwa na umemeza, usiwe peke yako, usichanganye na pombe wala Valium, na mwambie mtu. Ukimkuta mwenzako haamki, midomo ya bluu, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, anapumua mara moja moja: mlaze ubavu, mpeleke hospitali, sema ni dawa gani. Naloksoni huirudisha pumzi ikiwa ni za jamii ya afyuni. Kwa Valium haisaidii.

Halafu rudi kwenye viberiti siku inayofuata.

Neno moja kwa wanaosafiri kwenda Oman, Emirates au Saudia kufanya kazi za ndani: usibebe tramadoli, kodeini wala diazepamu kwenye begi kwa sababu ulizinunua kihalali nyumbani. Nchi hizo zinazidhibiti kwa ukali, zinataka cheti na mara nyingine kibali kabla hujafika, na mtu anaweza kuishia jela. Maliza kupunguza kwanza, ndipo upande ndege.

Siku ya upasuaji mwingine

Itakuja siku utahitaji dawa ya maumivu kweli: jino, ajali, uzazi. Dada alishika mimba mwaka uliofuata, na kwa kuwa alishapasuliwa, alijua atapasuliwa tena. Wiki ya 34 tulikaa na daktari wa usingizi, yule wa kutia ganzi kwenye upasuaji, na mkunga tukapanga. Ganzi ya mgongoni. Panadol na diklofenaki kwa saa maalumu kuanzia siku ya kwanza, bila kusubiri aombe. Ikihitajika kali zaidi, apewe wodini na muuguzi, ihesabiwe, na isitoke naye nje ya geti. Kwenye kadi ya kliniki mkunga akaandika kwa kalamu nyekundu, kwa kukubaliana naye: *Asipewe tramadoli ya nyumbani. Asinyimwe dawa ya maumivu.* Sentensi ya pili aliidai dada mwenyewe.

Siku ya nne aliruhusiwa. Dirishani wakampa vibahasha viwili, Panadol na diklofenaki. Akavigeuza vyote viwili, akasoma maandishi polepole mpaka mwisho, halafu akanipa nivishike, maana mikono yake ilikuwa na mtoto.